Upande Uliokatwa kwenye Picha

Soma hii polepole, ndugu yangu, na ukimaliza mpelekee mwenzio aliyefiwa.

Katika mji mmoja wa milimani waliishi Salha na mumewe Mbaraka. Mbaraka alirusha droni, kile kidege chenye kamera, akapiga picha za viwanja kutoka juu. Salha alizichukua picha hizo na kuweka ndani yake majengo aliyoyachora kwenye kompyuta, ili watu waone kitu ambacho bado hakijajengwa.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye kamera. Kompyuta nayo ina kamera yake, isiyoshikika kwa mkono. Ukiisimamisha pale pale ilipokuwa kamera ya droni, kwa kimo kile kile na mwinamo ule ule, jengo linatulia ardhini. Ukikosea, linaelea.

Mbaraka akafariki ghafla. Picha yake ya mwisho ilikuwa ya kiwanja cha msikiti, mahali pa kujenga wodi ya wazazi.

Salha alipotoka eda alirudi kwenye picha ile. Akilinganisha kona za paa la msikiti kwenye kompyuta na zile za picha, ukuta wa madrasa ya jirani unapinda. Akiunyoosha ukuta, wodi inainama.

Mzee Semboja, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuja kutazama. Akalaza kichwa kushoto, kisha kulia.

"Binti yangu, hii wodi yetu inapanda mlima au inashuka?"

Salha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Lakini mzee alimweleza kwa upole kwamba waumini wataonyeshwa picha siku ya Ijumaa. Isipokaa sawa, kamati itamwita mtu mwingine apige upya.

Neno hilo lilimchoma. Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mumewe, na ikiwekwa kando, mkono wake hautakuwamo kabisa katika wodi ile. Tena likamjia wazo alilolionea haya: huenda Mbaraka alikosea.

Jioni hiyo alimsimulia mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, huku wakichambua mchele. Bi Mwanamkuu akaomba aione picha. Aliitazama kitambo.

"Makaburi yako wapi?"

Salha akaisogelea picha. Alikuwa ameitazama picha ile mpaka akasahau mahali penyewe.

"Si yapo hapa kushoto kwa msikiti?" mama akaendelea. "Basi kayakata. Mwanangu hakupenda waliolala waanikwe mbele za watu. Hata kwenye picha za harusi ya binamu yake aliyakata, akamkata na shangazi yake aliyekuwa amesimama karibu. Shangazi alinuna mpaka Ramadhani."

Salha akainuka. Kompyuta huamini kwamba kamera ilielekea katikati ya picha. Picha ikikatwa upande mmoja, katikati yake si ile ya kwanza tena. Akaongeza nafasi nyeupe upande wa kushoto, akawa anaipanua kidogo kidogo. Paa la msikiti likalingana. Ukuta ukanyooka. Wodi ikashuka taratibu, ikatulia chini kama iliyochimbiwa msingi.

Akabaki kuitazama ile nafasi nyeupe isiyo na kitu. Hapo ndipo makaburi yalipo. Na hapo ndipo walipomzika Mbaraka.

"Alhamdulillah," alisema, na Bi Mwanamkuu akaitikia.

Kabla ya Ijumaa, wodi ikiwa imeshakaa mahali pake, Salha aliukata tena upande ule, kama alivyoukata mumewe. Mzee Semboja aliitazama picha, na safari hii kichwa chake hakikulala upande wowote. Akamwuliza amefanyaje.

"Nimemrudishia mwenye picha nafasi yake, mzee. Wodi ikasimama yenyewe."

Funzo: Waliotutangulia hatuwaoni tena, lakini mengi tunayoyajenga yamesimama kwa sababu yao. Kabla hujasema marehemu alikosea, tafuta kwanza alichokuwa akikiheshimu, kisha umshukuru Mungu aliyekukutanisha naye.