Mlango wa Bi Mashavu

Bi Mashavu wa Mombasa alikuwa anafungua gesti Moroni, kule Ngazija katika visiwa vya Komoro, na alihitaji magodoro mia mbili. Muuzaji alikuwa mmoja tu, tajiri Badawi, na bei yake ya kuyavusha bahari ilikuwa ya kutoa machozi.

"Kuvusha ni juu yako," alisema Badawi. "Mkataba wangu kwa watu wa hapa mjini ni mmoja: nafikisha mzigo mpaka mlangoni kwa mnunuzi, na gharama zote za njiani ni zangu. Wewe si unakaa Kibokoni?"

"Nakaa Kibokoni, bwana. Lakini milango ya huko inafanana. Andika mlango wa kijani, wenye kitasa kilichopinda na jina langu lililochongwa juu."

Badawi alicheka, akaandika, wakatia saini.

Wiki mbili baadaye lori lilisimama Kibokoni, Badawi mwenyewe akashuka. Mahali pa mlango palining'inia pazia la leso, na Bi Mashavu alikuwa amekaa nyuma yake akinywa chai.

"Teremsheni!" Badawi aliwaamuru wapagazi.

"Ngoja kwanza, bwana. Soma mkataba. Mlango wa kijani uko wapi?"

Badawi alichungulia nyuma ya pazia, akachungulia uvunguni, akapanda hata darini.

"Umeupeleka wapi?" aliuliza, jasho likimtoka.

"Uliondoka na meli Jumanne. Fundi ameshaupachika kwenye gesti yangu, Moroni. Mkifika, pigeni hodi."