Jiwe Lililojifunza Kazi ya Kimoja

Nyanzobe mjukuu wangu kaja na daftari lake. Ati mwalimu kasema kujumlisha kunataka namba mbili, lakini ipo kazi ya kimoja: unaipa namba moja tu, inaigeuza, inakupa nyingine. Unaipa tano, inakurudishia kumi. Nyanzobe hajui mwalimu kaitoa wapi kazi hiyo. Mimi darasa sikuliona, lakini ugomvi wote wa ukoo huu ninao mimi, na kazi ya kimoja ilitoka kwenye ugomvi. Kaeni.

Hapo zamani jiwe la kusagia lilijua kazi ya viwili tu. Ukienda na kikapu kimoja linakuuliza, "Wa pili yuko wapi?" Basi wanawake walikwenda wawiliwawili, huyu na mtama, huyu na uwele, wakarudi na unga mmoja uliochanganyika, wakagawana.

Holo, aliyeolewa kwetu, alikuwa akisaga na wifi yake Milembe. Milembe alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Kila siku, "Wifi, unakuja na nusu kikapu, unaondoka na unga kama wangu!" Holo anafagia tu kwa mikono unga uliobaki jiweni. Akajifungua mtoto, Masele, mdogo kama kiganja, na maziwa yakamkatikia. Mtoto akipewa uji wenye mtama, anatapika wote. Uwele mtupu ndio ungekaa tumboni, na unga wa uwele mtupu haukuwepo duniani. Mtoto akawa anaisha.

Holo akaenda kwenye jiwe peke yake, mtoto mgongoni.

"Wa pili yuko wapi?"

"Sina. Nina hiki kimoja."

"Basi nitakurudishia hichohicho. Kazi ya kimoja siijui."

"Kuku anaatamia yai moja, hachanganyi na kitu, na kifaranga kinatoka," Holo akasema. "Wewe jiwe zima unashindwa na kuku?"

Jiwe likaona aibu. Likasaga. Uwele uliingia peke yake, unga wa uwele ukatoka peke yake, Holo akalia kwa furaha. Akapika uji, akamnywesha Masele. Masele akatapika.

Akarudi, akalipiga jiwe makofi. "Umenidanganya!"

Milembe alikuwa kamfuata ili amcheke. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini alipomwona yule mtoto shingo imelegea, akachutama, akalitazama jiwe, akapitisha kidole. Kidole kikatoka na unga mwekundu.

"Wifi, jiwe halina kosa," akasema polepole. "Huu ni mtama wangu wa jana. Kila nikiondoka nauacha makusudi, nikuone unavyoufagia kwa mikono."

Akachuma nyasi, akazifunga, akafagia jiwe mpaka kwenye vishimo. Kisha akamfungua Masele mgongoni kwa mama yake, akampakata. "Saga. Mimi kikapu sina leo. Nimekuja kushika mtoto."

Ule uji ulikaa. Masele ndiye babu wa babu yenu, na alikula mpaka akawa mzigo kwa jamaa.

Na tangu siku hiyo jiwe hupokea nafaka moja, likatoa unga wa hiyohiyo, na anayemaliza kusaga ndiye anayefagia, hata kama hajaacha chembe. Nami mkigombana siwaiti wawili. Anaingia mmoja, namsikiliza, anatoka amegeuka kidogo. Nafagia moyo wangu, ndipo namwita mwingine.

Kwa hiyo, Nyanzobe, namba yako ikitoka vibaya, usilipige daftari makofi. Angalia kwanza umebakiza nini cha hesabu iliyopita. Na dada yako yuko nje, kanuna tangu mlipogombana asubuhi. Mwambie aingie. Wewe nishikie mtoto wake.