Pawabenki Nyekundu za Shemboza

Kisa hiki alikisimulia kwanza Bi Mboni mwenyewe, mwaka 2021, kwenye arobaini ya babu yake, mzee Mahimbo.

Babu ndiye pekee aliyebaki akijua makaburi ya ukoo yaliko na nani kalala wapi, na hali yake ilikuwa mbaya. Bi Mboni alitaka kumrekodi kwa kishikwambi, kijijini kusiko na umeme. Akaenda kununua pawabenki kwa Shemboza, mwenye duka kubwa Lushoto mjini. Zilikuwapo nyekundu na nyeusi, bei moja, maandishi yale yale ya nguvu nyingi. Kuzijaribu ilikuwa marufuku, na kilichouzwa hakirudi.

"Zote kiboko, dada," alisema Shemboza.

"Basi sina bahati. Kishikwambi changu kizee, fundi kanionya umeme mkali utakiua. Natafuta hafifu kabisa."

Shemboza akachangamka. "Ungesema mapema! Chukua nyekundu. Usitishwe na maandishi, hizo hata simu moja hazijazi."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi usiziguse! Zinajaza kishikwambi mara mbili na chenji inabaki."

"Nifungie nyeusi."

"Na fundi wako je?"

"Sina fundi, kaka. Kishikwambi nimekinunua juzi."

Wateja wawili waliosimama nyuma yake nao wakaomba nyeusi.

Babu alitaja makaburi arobaini na moja, akafariki mwezi uliofuata. Bi Mboni yu hai. Shemboza naye yu hai, na nyekundu bado zimejaa dukani.