Kadi Tupu ya Mama Subilaga

Ndugu zangu, zahanati moja kule milimani ilimwajiri karani hodari, dada Atupele, ahamishe kadi za wagonjwa kutoka kwenye makaratasi aziingize kwenye kompyuta. Kila kadi ilihitaji kitambulisho kisichofanana na cha mwingine. Atumie majina? Majina yanafanana. Akachagua namba ya simu. Nani hapa asingempongeza?

Mwaka wa pili, Mama Subilaga, mkulima wa chai, akaletwa na mdogo wake. Homa imempanda, hata kusema hawezi. Mdogo mtu akataja namba ya simu ya dada yake. Kompyuta ikajibu: hakuna mtu huyo.

"Basi ni mgeni," akasema Atupele, akamfungulia kadi mpya, tupu.

Kumbe mama alipoteza laini, akanunua nyingine. Na kadi yake ya zamani ilikuwa humohumo ndani, imeandikwa: asichomwe penisilini. Muuguzi akatazama kadi tupu, akamchoma hiyohiyo penisilini.

Dakika chache, koo likavimba. Walihangaika naye saa nzima. Kwa neema ya Mungu, akapona.

Mganga mfawidhi akamwambia karani, "Usijilaumu. Ongeza tu sehemu ya namba ya pili."

"Hapana, daktari. Na hiyo itapotea. Nilimtambua mtu kwa kitu alichoshika mkononi. Naanza upya."

"Kadi zote elfu tatu?"

"Zote."

Akaanza siku hiyohiyo. Kila mgonjwa akapewa namba inayotolewa na kompyuta yenyewe, yenye tarakimu za kutosha hata watu waongezeke namna gani. Haisemi jina wala kijiji; hayo na simu yakabaki ndani ya kadi, ya kumtafutia mtu tu. Haibadiliki, na hata mwenyewe akifa haipewi mwingine. Ilimchukua miezi minne, macho mekundu, lakini alimaliza.

Msimcheke Atupele. Sisi je? Yule mwenzetu aliyekuwa meneja wa kiwanda, si tulimpigia makofi hapa mbele? Kazi iliisha Januari. Nani amebisha hodi kwake? Na dada yetu aliyeachika, kina mama bado mnamwita? Tuliwajua kwa cheo na kwa mume. Vilipoondoka, na wao tukawapoteza, nao wanakaa mtaa uleule!

Mungu hakukuandika kwa cheo chako. Basi kila mmoja amtaje moyoni mtu aliyempoteza hivyo, na kabla ya chakula cha mchana awe mlangoni kwake. Mimi wa kwangu namjua. Nilimkosea, na nikitoka hapa ninakwenda kumwambia.