Fundi Vioo na Gari Jeupe

“Fundi vioo alinunua vioo, gari akaliacha.”

Maneno haya mjukuu wangu Twilumba alirushiwa na fundi wa gereji, akaja kwangu amenuna pamoja na wenzake wawili, akitaka kujua kama wametukanwa. Hawa watatu ni mafundi umeme. Wanatafuta gari la kubebea nyaya na ngazi zao, na asubuhi hiyo walikuwa wamesimama mbele ya gari la watu, wakalisifu nyaya na taa mpaka mwenyewe akachoka kuitikia. Niliwaambia hakuna aliyewatukana. Nikawaambia pia wakae chini, kwa sababu chanzo cha msemo huo nakijua kuliko huyo fundi wa gereji. Fundi vioo mwenyewe alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, Ananiya Kaduma, na siku msemo ulipozaliwa nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo kando ya barabara, nalia.

Ilianza hivi.

Ananiya na mimi tulikuwa na kibanda cha vioo hapa Njombe, nyuma ya soko. Yeye alipima na kukata. Mimi nilikanda puti, ule udongo laini wa mafuta unaoshika kioo kwenye fremu, nikaubandika kwa dole gumba mpaka ukanyooka. Kazi za mjini tulizipeleka kwa mkokoteni. Za vijijini tulizikosa, maana kioo si gunia la viazi. Kioo hakilazwi safarini. Kinasafiri kimesimama kwenye kichanja cha mbao, kimefungwa vipande vya blanketi, na kinataka gari lililotulia. Lori la kukodi lilitufikishia chenga mara mbili, tukakoma.

Ndipo Mwalimu Salome Ngole wa Lwandala alipotuletea kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Shule yake ya wasichana ilikuwa imejenga bweni jipya juu kabisa ya mlima, na madirisha yalikuwa matupu. Shule ingefunguliwa mwanzoni mwa Juni. Anayeijua Juni ya huku hahitaji kuelezwa: unaamka unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu. Wasichana sitini wangelala humo. Mwalimu alisema wazi kwamba tukishindwa kuwahi siku ya kufungua, kazi hiyo na za mabweni mengine mawili zingekwenda kwa mafundi wa mbali, naye asingerudi tena kibandani kwetu.

Basi tulihitaji gari letu. Ananiya alitoa alichokuwa nacho, kikapungua. Mimi nikauza cherehani niliyoachiwa na marehemu mama. Sikumwambia kaka jinsi nilivyoumia. Nilimwambia tu, “Chagua vizuri.”

Tulizunguka siku tatu. Laiti mngemwona kaka yangu akikagua gari. Alijifuta kidole kwenye shati, akakipitisha kwenye kioo cha mbele toka pembe hadi pembe. Aliinama ubavuni atazame kama kioo kina mawimbi. Alisoma alama ndogo ya kiwanda kwenye kona ya kila dirisha aone kama zote zinafanana. Gari lenye ufa kwenye kioo hakulisogelea tena. “Mtu aliyeshindwa kutunza kioo anachokitazama kila siku,” alisema, “injini asiyoiona ameitunzaje?” Mimi niliona ana akili sana. Hata sasa nikiyasikia maneno hayo yananishawishi.

Siku ya tatu, kule Makambako, tulikuta gari jeupe la bodi iliyofungwa. Vioo vyake vyote vilikuwa vya tangu kiwandani, alama zilezile, bila mkwaruzo. Ananiya alilizunguka mara mbili, uso umemng’aa. Muuzaji, bwana mmoja mpole aliyeitwa Nathaeli, aliuliza kama tunataka aliwashe. Likawashwa. Ananiya akalisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeitikia sala ya lugha asiyoijua.

Nilimnong’oneza, “Kaka, tusilipakie kitu kwanza, tukalijaribu mlimani?”

“Yuditha, gari hili halijawahi hata kugongwa. Angalia vioo.”

Niliangalia vioo, vikanipendeza na mimi, nikanyamaza. Kwa hiyo msinifanye mimi ndiye mwerevu wa hadithi hii. Mwerevu bado hajafika.

Wiki nzima lile gari lilitupa heshima mjini. Ananiya alifunga kichanja chake kwenye sakafu kwa bolti nne, na kila jioni aliyapangusa yale madirisha kwa gazeti na maji ya siki. Watu walisimama kulitazama. Chema chajiuza, waliniambia, nami nikakubali kwa kichwa kizima.

Jumatano tulipakia vioo vya bweni, vipande vikubwa arobaini na vinane, tukaondoka asubuhi kweupe. Tambarare gari lilikwenda vizuri. Tulipokipita kiwanda cha mbao, barabara ikaanza kupanda, na gari likaanza kulia kwa chini, sauti ya kitu kinachochanika polepole. Ananiya alipunguza mwendo. Akapunguza tena. Kwenye kona ya pili sakafu ilikatika. Bolti za kichanja zilitoka na vipande vya bati, kichanja kikainama, na vioo vyote arobaini na vinane vikalala kwa pamoja.

Sauti ile siwezi kuwasimulia. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Tulishuka. Hatukuumia. Gari lilikuwa limepinda katikati, mkia na kichwa juu, tumbo chini. Nyuma kulikuwa na rundo la chenga. Na vioo vya gari lenyewe, cha mbele, cha nyuma na vya ubavuni, vilikuwa vizima vyote, vinang’aa kama siku tuliyovinunua. Hapo ndipo nilipokalia gogo nikalia, nikimlilia mama na cherehani yake.

Watu wa kiwanda cha mbao walipanda kutusaidia, na pamoja nao alikuja fundi wao wa malori, Mzee Mlelwa, mtu mfupi asiyependa maneno. Hakutupa pole. Alijilaza chali akaingia chini ya gari na msumari mkononi. Tulimsikia akikwangua. Alipotoka alikuwa na kiganja kilichojaa kutu iliyochanganyika na mchanga laini wa kijivu.

“Hili si vumbi la barabara,” alisema. “Huu ni mchanga wa mtoni, umejaa ndani ya chesisi. Gari hili lilizama, likakaa majini siku nyingi. Limeliwa kutoka ndani. Nani alilikagua?”

“Mimi,” alisema Ananiya.

“Uliingia chini?”

“Sikuingia.”

“Ulilipakia ukalipandisha mlima?”

“Hapana, mzee.”

“Sasa ulikagua nini?”

“Vioo. Vilikuwa vya kiwandani vyote. Nikajua halijawahi kupata ajali.”

“Ni kweli halijapata ajali. Maji hayavunji kioo, wala kioo hakishiki kutu. Katika gari zima umekagua kitu pekee kisichozeeka.” Mzee Mlelwa alikung’uta kiganja chake. “Wewe kazi yako ni ipi?”

“Fundi vioo.”

“Basi ndivyo ilivyokuwa. Fundi vioo alinunua vioo, gari akaliacha.”

Wale watu wa mbao walicheka. Kaka yangu hakucheka, wala mimi. Nilisimama nikamwambia kwa hasira, mbele za watu, “Haya, vitoe hivyo vioo vyako vya kiwandani tukaviweke bwenini.”

Alinijibu kwa upole uliozidi kuniuma. “Kioo cha gari hakikatwi, Yuditha. Ukikigusa na kalamu ya kukatia kinamwagika chote kama chumvi.”

Yaani vile vioo tulivyovinunua kwa cherehani ya mama havikufaa kuziba hata dirisha la choo.

Saa sita Mwalimu Salome alishuka kutoka shuleni kwa miguu, habari imekwisha kumfikia. Alitazama lile rundo. “Fundi,” alisema, “wanafunzi wanaingia Jumatatu.”

“Najua, Mwalimu.”

“Nifanye nini mimi?”

Nilidhani kaka yangu angeomba radhi turudi nyumbani. Lakini alikuwa ameshaanza kuchambua lile rundo kwa macho, na hapo sasa alikuwa kwenye kazi aliyoijua. “Mwalimu, dirisha lako moja lina nafasi nne kubwa. Vioo vya ukubwa huo sina tena. Ukiniruhusu nigawe kila nafasi kwa vipande vya mbao iwe nafasi nne ndogo, vipande vya kutosha ninavyo humu. Vingi vimevunjika, havikusagika.”

Mwalimu alimgeukia Mzee Mlelwa. Yule mzee alikuna kidevu akasema makapi ya mbao wanayo ya kuchoma, afadhali yapate kazi. “Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,” akaongeza, na hilo ndilo neno la pole pekee nililolisikia kwake siku ile.

Lori la mbao lilitupandisha. Ananiya alikata kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Nilikanda puti mpaka madole gumba yakapasuka. Jumatatu wasichana walipoingia, madirisha yote yalikuwa na vioo vidogo vidogo isipokuwa mawili, tukayaziba kwa mbao na kumaliza wiki iliyofuata. Usiku wa kwanza barafu ilianguka. Mwalimu alituambia hakuna aliyekohoa, na mabweni mengine mawili akatupa sisi.

Lakini gari bado hatukuwa nalo. Tulikwenda kwa Bwana Nathaeli, kaka akamwuliza kama alijua lilizama. “Nilijua,” alisema bila kuona haya. “Mngeniuliza ningewaambia. Mliniuliza alama za vioo.” Nilitamani kumtukana, nikamvuta kaka tukaondoka. Tuliliuza lile gari jeupe vipande vipande, na cha kuchekesha ni kwamba vioo vyake viligombaniwa.

Safari hii Ananiya alimwomba Mzee Mlelwa aende naye kwa muuza magari mwingine, na mimi nikafuatana nao. Mzee alimkalisha kaka yangu kwenye benchi, amegeukia ukutani, akamkataza kugeuka. Aliingia chini ya magari kwa msumari wake. Moja alilipakia magogo, akalipandisha mlima na kulishusha, akasikiliza, akaingia chini tena. Kisha akasema, “Hili.”

Ananiya aligeuka. Lilikuwa gari la kijani lililofifia. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa toka upande hadi upande, na dirisha la nyuma lilizibwa kwa boksi la sabuni. Kaka yangu alishika kichwa. “Mzee, hili?”

“Wewe kazi yako ni ipi?”

“Si unaijua?”

“Nataka uitaje mwenyewe.”

“Fundi vioo.”

“Sasa unalalamika nini? Unachokijua, kinunue kibovu, utakitengeneza. Usichokijua ndicho kiwe kizima.”

Ananiya alitafuta vioo vya gari lile, akavipachika kwa mkono wake nyuma ya soko, huku mimi nikimshikia. Lilitubeba miaka kumi na mmoja, mimi na puti yangu na yeye na vioo vyake, na halikutuvunjia hata kipande. Cherehani nilinunua nyingine mwaka wa pili. Si ya mama, lakini inashona.

Maneno ya Mzee Mlelwa hayakubaki mlimani. Watu wa mbao waliyashusha mjini pamoja na mbao zao. Mwalimu fulani alipochumbia binti kwa sababu ya mwandiko mzuri kwenye barua, na barua zenyewe kumbe zikiandikwa na shangazi, waliambiana maneno hayo. Mpishi alipopanga nyumba kwa kupenda jiko, mvua ikamkuta sebuleni, waliambiana hayo hayo. Kaka yangu mwenyewe aliyasikia mpaka akazeeka, na miaka ya mwisho alikuwa akiyasema yeye, tena kwa fahari kidogo, kama mtu aliyelilipia neno lake.

Nikaishia hapo. Twilumba ndiye aliyeanza kusema, akiwa ameinamisha kichwa.

“Bibi, pale tulipokwenda leo kulikuwa na gari lingine, la kijivu. Taa zake haziwaki hata moja. Tuliliona tu tukapita.”

“Mlimpa fundi alitazame kwa chini?”

“Hatukulifungua hata mlango.”

“Taa ni kazi ya asubuhi moja,” alisema mwenzake polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Wakatazamana. Kisha Twilumba akasimama kutafuta viatu vyake.

“Fundi vioo alinunua vioo,” akasema akivivaa.

Wenzake walikuwa wameshafika mlangoni. “Gari akaliacha,” wakamalizia.