Pembe Iliyolia Mara Mbili Itulwe

Hapo zamani, na wala si zamani ya mazimwi, ni zamani yetu sisi tulioanika betri za redio juani ili zitupe taarifa moja zaidi, palikuwa na kijiji cha Itulwe huko nyanda za juu, cheupe kwa maua ya pareto. Sogeeni karibu. Nilikuwapo, nilikuwa na meno yote, na nililima kuliko yeyote kati yenu.

Pareto ukishaichuma unaianika mikekani siku kadhaa. Ikikauka, lori la chama cha ushirika linaibeba na watoto wanasoma. Ikilowa, inakuwa nyeusi na mwaka umekwisha. Kwa hiyo Itulwe tuliogopa mvua ya ghafla kuliko chui.

Habari za mbingu tulizipata kwa watu watatu.

Wa kwanza ni Subilaga, mjane, mpimaji wa kituo cha hali ya hewa. Kituo chenyewe kilikuwa sanduku jeupe lenye miguu minne na kopo la kukingia mvua. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alisoma vipimo na kupiga simu mjini. Tukipita tulimtania, "Subilaga, mbingu imeamkaje?" Naye hujibu, "Salama, ina digrii kumi na mbili."

Wa pili ni Gwakisa, mtoto wa Itulwe aliyeajiriwa mjini kwenye mashine ya utabiri. Akija likizo alitueleza, "Mashine haina macho. Inakula namba. Inakula mara nne kwa siku: saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku. Kila mlo tunaungojea saa moja ili namba za nchi nzima zifike, halafu mlango unafungwa. Ukichelewa, subiri mlo ujao." Tukacheka, tukasema kumbe ni kama jiko la shule ya bweni.

Wa tatu ni Ambokile, mwenye pembe. Alisikiliza utabiri redioni, akapuliza pembe ya babu yake, kisha akatangaza: anikeni, au anueni. Kwa kazi hiyo kila nyumba ilimpa debe la mahindi, hakushika jembe. Lakini pembe ilikuwa na mwiko. Mwenye pembe akitangaza neno, kisha siku hiyo hiyo akalitangua, pembe inatoka mikononi mwake na haimrudii.

Basi, asubuhi moja ya mwisho wa mavuno, lori likiwa linakuja kesho yake, redio ilisema jua kutwa nzima. Utabiri huo ulitokana na mlo wa saa tisa usiku. Ambokile akapuliza. "Anikeni yote!" Tukaanika yote. Mlima mzima ulikuwa mweupe.

Saa tatu kamili Subilaga akafungua sanduku lake. Kipimo cha mgandamizo wa hewa kilikuwa kimeshuka kupita kiasi, dalili ya dhoruba. Upepo ulikuwa umegeuka. Akanyanyua simu, simu imekufa. Redio ya upepo, ile ya kuzungumza na mjini bila waya, ilikuwa moja tu, ofisini kwa chama, juu mlimani, mwendo wa saa nzima. Akajifunga kanga kiunoni akapanda. Njiani akaipita mikeka yake mwenyewe. Akaitazama, akaipita.

"Mjini, mjini, hapa Itulwe, ova."

"Dada Subilaga," Gwakisa akajibu, "umechelewa. Saa nne imeshapita. Mkubwa wangu anasema niiwashe mashine."

"Simu imekufa, nimekuja kwa miguu. Hewa imeshuka, Gwakisa. Haijawahi kushuka hivi tangu nianze kupima."

"Dada, nchi nzima inasubiri."

"Basi iwashe. Pareto ya mama yako nayo imeanikwa."

Gwakisa akachukua kalamu. Kisha akasema, "Soma namba. Polepole. Halafu usiondoke hapo, laini ni mbovu, nitakuuliza tena."

Akasoma. Akasubiri. Akaulizwa tena, akasoma tena. Gwakisa aliushika mlango ule dakika kumi na mbili, mkubwa wake akifoka mgongoni kwake. Namba zikaingia, mashine ikala.

Saa saba mchana redio ikasema: nyanda za juu, mvua ya mawe kabla ya jioni. Aliyeisikia Itulwe nzima ni Ambokile peke yake. Alikaa akaitazama pembe ya babu yake. Kisha akasimama, akapuliza mara ya pili.

"Anueni! Mawe yanakuja!"

Mbingu ilikuwa bluu tupu. Mnadhani tulimshukuru? "Ambokile amelewa!" "Asubuhi jua, mchana mawe, ana ndimi ngapi huyu?" Na mimi nilisema hayo hayo, Mungu anisamehe.

Akapita mlango kwa mlango. "Asubuhi sikusema uongo. Asubuhi mashine ilikuwa haijajua. Sasa imejua. Anueni, ndugu zangu, pembe nimeshaipoteza, nisiipoteze bure!"

Neno hilo likatuinua. Tukaanua, kila mtu akihangaika na yake. Saa kumi mawe yakashuka, paa zikalia, kuku wakafa uani. Pareto yote ya Itulwe ilikuwa ndani, isipokuwa mikeka ya mtu mmoja. Subilaga aliambiwa asiondoke redioni, akakaa hadi saa tisa na nusu, na alikuwa bado njiani anashuka mlima. Alipofika alikuta maua yake meusi kwenye tope, na sote tuliangalia chini.

Sasa, Itulwe tulikuwa na siku ya mikono. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kijiji kizima kilikwenda na majembe kwenye shamba la mtu mmoja aliyetutendea jema, kikamlimia lote kwa siku moja. Siku hiyo haikugawanywa. Mwaka mmoja tulijaribu kuigawa, tukashinda tunagombana na hapakulimwa kitu.

Mkutano ukaitwa kuchagua wa kulimiwa mwaka huo. Subilaga akasimama.

"Nipeni mikono. Bila namba zangu mashine ni kipofu. Ningesimama kukunja mikeka yangu, leo sote tungekuwa na maua meusi. Yenu ni meupe. Yangu mmeyaona. Msiponilimia, nitaanza wapi?"

Gwakisa akasimama, sanduku lake la nguo bado lina vumbi la safari, maana kazini walikuwa wamemfukuza kwa kuuchelewesha mlo ule.

"Nipeni mikono. Dada alifika saa ya kufunga mlango imeshapita. Ningefuata saa, namba zake zingengoja mlo wa saa tisa, na utabiri ungetoka mawe yameshayeyuka. Sasa sina kazi. Nina kichaka tu alichoniachia marehemu baba."

"Ulimwokoa mama yako, si sisi!" mtu akadakia.

"Na wewe si ulianika pembeni yake?" Gwakisa akamjibu.

Ambokile akasimama, mkono wake ukitafuta begani kamba ya pembe isiyokuwapo.

"Nipeni mikono. Namba zilipimwa, sawa. Mlango ulishikwa, sawa. Redio ilisema, nani aliisikia? Betri zenu zilikuwa juani. Mlikuwa kivulini mmeshiba maneno yangu ya asubuhi. Ningenyamaza, ningebaki na pembe na asingenilaumu mtu. Debe limekoma. Jembe sijui hata linavyoshikwa."

Siku hizi sanduku la Subilaga limeondolewa, kuna mtambo unaojisomea wenyewe. Simu zenu zinabadilisha utabiri kabla chai haijapoa, na hakuna anayepoteza kitu. Nawaonea wivu, na nawahurumia.

Lakini asubuhi ile ya siku ya mikono tulifika njia panda, watu wote wa Itulwe, majembe mabegani, umande miguuni. Kushoto kwa Subilaga. Kulia kwa Gwakisa. Mbele kwa Ambokile. Kila mmoja alikuwa amesimama shambani kwake akitutazama, na jua lilikuwa linapanda. Na wewe jembe lako hilo hapo. Je, unashika njia ipi? Nani kati yao alistahili mikono yetu?