Nyama ya Kununua Haina Mjomba

Hapo zamani za kale, na nasema kale kwa sababu siku hizo Fisi alikuwa bado anaaminiwa kushika kisu cha bucha, palikuwa na kijiji cha wanyama katika nyika ya migunga. Kaeni vizuri. Wewe hapo, acha kuchokoa moto. Hadithi hii ina haraka zake. Ukigeuza shingo tu, imekupita.

Katika kijiji hicho aliishi Bwana Chui na mkewe, Bi Chui. Bwana Chui alikuwa na makucha makali, meno makali na miguu ya kurukia. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kuwinda! Baba yake alikuwa na mali, akamlea kwa nyama ya kununua, naye alipooa akaendelea vivyo hivyo. Akitaka swala, huyoo, mbio kwa Mzee Fisi mwenye bucha.

Mzee Fisi hakupokea pesa. Alipokea vyombo vya nyumbani. Leo alitaka mkeka. Kesho mkeka hautoshi, lete sufuria. Keshokutwa, lete kinu na mchi wake.

"Mzee Fisi, mbona bei inapanda kila nikija?" Chui aliuliza.

"Aa, Bwana Chui! Hii si nyama ya mbuzi. Hii ni nyama ya porini. Swala ana mbio, na wewe unalipia mbio zake."

"Na mifupa yote hii?"

"Mifupa ndiyo iliyokuwa ikikimbia, bwana."

Chui akakuna kichwa, akaona ni kweli, akalipa. Haya, cheka, lakini wako wengi wa namna hiyo, na wengine nimekaa nao jirani.

Asubuhi moja Bi Chui alirudi kutoka kisimani, akataka kujinyoosha kidogo. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Baba Madoa! Kitanda kiko wapi?"

"Tulikila jana," Chui alijibu taratibu. "Ulisema kimepungua chumvi."

Lo! Bi Chui aliutua mtungi chini, puu!

"Hayo makucha uliyonayo ni ya kujikunia mgongo? Wenzako wanawinda wenyewe! Swala wa porini hana bei. Ukimkamata ni wako, ngozi na pembe na kwato, bure kabisa. Sisi tunalala sakafuni, Fisi anajinyoosha juu ya kitanda changu cha harusi!"

Maneno hayo yakamwasha Chui kama upupu. Akatoka uani, akaingia ndani, akatoka tena. Hakukaa, hakusimama. Bure! Bure! Neno hilo lilimzunguka kichwani mpaka akaamua.

"Naenda kuwinda!" akasema.

Sasa, si mbali na hapo, katika kichaka cha miiba, waliishi Digidigi na mkewe, aliyeitwa Bi Wepesi. Digidigi mnawajua? Ni wale swala wadogo, kimo cha mtoto wa mbuzi, macho makubwa, pua haitulii hata kidogo. Huishi wawili wawili, mume na mke, mpaka kifo. Na hawa wawili walipendana kweli. Bi Wepesi ukizungumza naye anaruka upande huu, anaruka upande ule, masikio yanazunguka, lakini jicho moja liko kwa mumewe wakati wote.

Mumewe alikuwa na kasoro moja tu. Choo chake kilikuwa mahali pamoja, siku zote, asubuhi na jioni, kwenye uwanja mdogo penye rundo ambalo hata kipofu angelijua.

"Mume wangu, badilisha mahali," Bi Wepesi alimwomba kila siku.

"Mke wangu, babu yangu alikwenda hapo, baba yangu alikwenda hapo. Mtu wa heshima hana vyoo viwili."

Basi Chui, ambaye hakujua kunyatia wala kufuata nyayo, alifanya lile moja aliloliweza. Alijibanza nyuma ya kichuguu karibu na choo, akaziba pua, akangoja. Digidigi akaja zake, anaimba kwa sauti ndogo, hana habari.

Kwachu!

"Nimekamata?" Chui alishangaa mwenyewe. "Nimekamata! Mimi! Nimekamata!"

Akamfunga kamba shingoni na miguuni, akamchukua mpaka nyumbani, akamfunga kwenye nguzo ya ghala. Bi Chui akaruka kwa furaha. Kisha akasimama ghafla.

"Tutampika kwenye nini? Sufuria iko kwa Fisi."

"Nenda kaazime."

"Na kisu?"

"Azima na kisu. Fanya haraka!"

Bi Chui akaondoka mbio, na Chui akabaki akimzunguka Digidigi kwa hatua ndefu, ulimi nje.

Kumbe Bi Wepesi alikuwa ameona yote kutoka kichakani. Moyo ulimpiga du! du! du! Aliogopa, watoto wangu, aliogopa sana. Alitaka kulia, lakini akaona machozi hayafungui fundo la kamba. Akajikaza. Akachukua njia ya katikati ya kijiji, anapita mlango kwa mlango, anapiga vigelegele kwa sauti yake yote:

"Aririririii! Bwana Chui amewinda! Windo lake la kwanza! Aririririii! Njooni!"

Chui aliposikia, nywele za mgongo zilimsimama. Bi Wepesi akaingia uani anarukaruka.

"Ssss! Nyamaza, wewe!" Chui alifoka. "Unaniitia kijiji kizima?"

"Hongera, Bwana Chui! Shikamoo, mwindaji!"

"Subiri. Wewe si mke wa huyu?"

"Ndiye mimi. Msiba ni wangu, lakini desturi ni ya wote. Nimekuja kukusaidia kugawa."

"Kugawa nini?"

"Windo, bwana! Huijui desturi?" Bi Wepesi akamrukia mumewe, akaanza kumpapasa kama anapima. "Haya. Kichwa ni cha mjomba wako."

"Mjomba wangu anakaa ng'ambo ya mto!"

"Amesikia vigelegele. Nimemwona anavuka. Kidari ni cha mama mkwe. Mbavu ni za jirani, na jirani yako wa karibu ni Mzee Fisi. Paja hili la shemeji mkubwa, paja lile la shemeji mdogo. Ini la wazee. Ngozi ya mpiga ngoma."

Chui akamtazama Digidigi. Mnyama mwenyewe kiganja kimoja! Akaanza kutembea, huku na huko, huku na huko, mkia unapiga ukuta, pa, pa, pa.

"Na mimi? Mimi niliyeziba pua nusu siku?"

"Wewe ni mwindaji."

"Ndiyo! Nakula nini?"

"Windo la kwanza, mwenyewe haonji. Hata mchuzi. Ukionja, makucha yanalegea mpaka uzeeni."

Na hapo, watoto, Bi Wepesi hakudanganya. Hiyo ilikuwa desturi ya nchi ile tangu mababu, na kila mwindaji aliijua tangu utotoni. Chui peke yake ndiye asiyeijua, maana alikulia kwenye nyama ya bucha. Alikumbuka tu, kwa mbali, babu yake akisimulia kitu cha namna hiyo, naye alikuwa amesinzia.

"Halafu wageni wanywe pombe ya mtama," Bi Wepesi akaendelea, masikio yakizunguka, maana alisikia sauti njiani.

"Pombe ya nani?"

"Yako. Na wakae juu ya mikeka."

"Mikeka iko kwa Fisi!"

"Basi utaikomboa. Na wanaotoka mbali watalala, kwa hiyo na vitanda."

"Yalaa!" Chui akajishika kichwa. "Huu uwindaji ni ghali! Fisi alichukua kitanda, lakini angalau nililamba mfupa. Afadhali ningenunua!"

Bi Wepesi akatulia kidogo. Miguu yake yote minne ikasimama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Hapo umenena," akasema polepole. "Nyama ya kununua haina mjomba. Je, kuna aliyewahi kukudai kidari cha nyama ya bucha?"

"Hakuna."

"Umewahi kumpelekea mama mkwe?"

"Sijawahi hata siku moja!"

Mara kutoka njiani wakasikia, "Hodi, mkwe wangu! Hodi hapa! Nimekuja na kikapu!"

Chui akaruka juu. "Mama mkwe huyo! Sasa nifanye nini? Nifanye nini?" Akazunguka nguzo, akazunguka tena, kisha macho yakamng'aa. "Niuzie wewe!"

"Mimi? Nikuuzie nini?"

"Huyu hapa! Mume ni wa nani kama si wa mkewe? Niuzie sasa hivi, halafu niwaambie kwamba sikuwinda, nilinunua. Sigawi hata ukwato!"

"Bwana Chui! Nimuuze mume wangu?" Bi Wepesi alisema, na sauti ilitetemeka kwelikweli, maana pale kwenye nguzo Digidigi alikuwa amefumba macho. "Siwezi kumuuza kwa bei ya Fisi. Sina moyo wa biashara. Nipe kitu kidogo tu cha kumkumbukia. Nipe hiyo kamba aliyofungwa."

"Kamba?" Chui nusura acheke. "Fisi kala kitanda kwa mbavu mbili, na wewe unaniuzia mzima kwa kamba? Nimenunua! Nimeshanunua!"

"Hujanunua mpaka ulipe. Mzee Fisi hukupa nyama kabla hujalipa?"

"Aa, yule? Thubutu!"

"Basi lipa. Naona kikapu cha mama mkwe kinapinda kona."

Chui akarukia fundo. Vidole vilikuwa vinene na haraka ilikuwa kubwa. Akavuta, akauma kwa meno, akafungua shingo, akafungua miguu, akakusanya kamba yote vizuri isipungue, maana alitaka biashara iwe halali.

"Kamba yako hii! Nimelipa!"

"Nimepokea," alisema Bi Wepesi, akaivaa shingoni. Kisha akatoa ule mluzi wa jamaa zao wakiona hatari: "Digi! Digi! Digi!"

Digidigi akafumbua macho. Prrrrr! Akapita katikati ya miguu ya Chui, mkewe nyuma yake, hao kwenye ua wa miiba, penye tundu ambalo kuku mnene asingepita. Chui akawafuata kwa kichwa, na kichwa kikaingia, na mabega yakakataa.

"Rudi!" alipiga kelele miibani. "Wewe ni wangu! Nimekununua!"

"Hodi," alisema mama mkwe nyuma yake. "Mkwe wangu, ndivyo unavyopokea wageni siku hizi?"

Chui akajichomoa, uso mzima michubuko. Mama mkwe huyo na kikapu. Mjomba huyo, amelowa mpaka kifuani. Mzee Fisi huyo, na kisu chake mwenyewe. Na mashemeji, na wazee, na mpiga ngoma.

"Sikuwinda," Chui akasema. "Nilinunua."

"Iko wapi uliyonunua?" wakauliza wote.

Chui akageuka kulitazama lile tundu la ua. Wakati huo huo Bi Chui akaingia anahema, sufuria kichwani. "Nimepata! Niliazima mpaka kwa Nyani! Nyama iko wapi?"

Mama mkwe akaketi chini, akaweka kikapu mapajani. "Mimi nimetoka mbali," akasema. "Nitangoja."

"Bucha iko wazi, Bwana Chui," Mzee Fisi alisema kwa upole sana, huku akizungusha macho ndani ya nyumba ile tupu. Hapakuwa na mkeka, hapakuwa na kinu. Macho yakafika mlangoni, yakakaa hapo. "Mbao nzuri hizo."

Siku ile kijiji kilikula swala kwa bei ya mlango. Wageni walikula, wakatafuna na mifupa, na Chui akabaki akipuliza mavumbi yaliyoingia kwa nafasi pale mlango ulipokuwa.

Na kule kichakani? Bi Wepesi alikimbia mpaka walipofika penye usalama. Hapo akaanguka, akalia. Alilia kile kilio chote alichokizuia tangu mumewe alipokamatwa.

Digidigi alimlamba machozi, akamwangalia kwa muda, kisha akaigusa kamba kwa pua.

"Hivi kweli," akauliza, "bei yangu ni kamba tu?"

"Ungekuwa mnene," Bi Wepesi akajibu, bado anashikwa na kwikwi, "ningedai na mlango."

Hapo ndipo ninapoiachia. Aliyeisikia akawasimulie waliolala. Na mshike hili: cha bure kina wageni wengi, na wote hulipiwa na aliyekipata.